Pride and Prejudice ya 1995: mapenzi yenye daftari la hesabu

Anayetaka tamthilia ya mapenzi ya zama za kale ya kuangalia na jamaa nyumbani hapa Lamu, naye hajui achague toleo gani la riwaya hii ya Jane Austen ya 1813, achukue la BBC la 1995. Lina sehemu sita, kila moja kama dakika 55. Filamu ya Joe Wright ya 2005 inakwisha kwa saa mbili na kidogo na picha zake ni nzuri zaidi, ila kwa haraka zake imepita juu juu jambo ambalo mtu wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu angeliulizia kwanza: nyumba hii arithi nani?

Longbourn, milki ya akina Bennet, imefungwa kwa warithi wa kiume. Bwana Bennet ana mabinti watano, na akifa milki hiyo inakwenda kwa Collins, jamaa wa mbali. Wengi hapa husubiri wosia uliofichwa utokee. Hautokei, ndiyo sheria yao. Kwa mirathi ya Kiislamu mke angepata thumni, mabinti wangegawana theluthi mbili, na Collins, akiwa ndiye asaba wa karibu, yaani mrithi wa kiume wa upande wa baba, angeondoka na sehemu 5 katika 24. Na kwa desturi ya Lamu, ambapo baba mwenye uwezo humjengea binti ghorofa na mume ndiye anayehamia, hadithi isingepata hata pa kuanzia.

Shika pia pesa zinaelekea wapi. Kwa Waingereza wa zama hizo mali hutoka kwa kina mke. Kila binti wa Bennet anatarajia pauni 1,000 tu, tena mama akishakufa. Zile 5,000 za Bingley na 10,000 za Darcy, matajiri wanaowaposa mabinti wawili wakubwa, ni mapato ya mwaka mmoja, si jumla ya mali. Bennet mwenyewe hupata 2,000. Usipolijua hilo, Bi Bennet ataonekana mwenda wazimu. Hapo ndipo tunapomlaumu mwongozaji. Alison Steadman, anayemwigiza Bi Bennet, amepewa kelele nyingi mno, hadi tunamcheka mtu pekee nyumbani mle aliyepiga hesabu sawasawa, huku mumewe, aliyekaa akingoja mtoto wa kiume asiweke akiba, akipewa maneno yote matamu.

Onyesho bora kuliko yote liko sehemu ya sita, Lady Catherine, dada wa mama yake Darcy, anapokuja kumkataza Elizabeth, binti wa pili wa Bennet, asiolewe na Darcy. Anamtaka Darcy amwoe bintiye, na ndoa ya watoto wa ndugu haimshangazi mtu huku. Kinachoshangaza ni jinsi anavyoitumia hoja ya kufu, yaani usawa wa hadhi wa wanaooana. Katika fiqhi ya Kishafii kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, asiozwe aliye chini yake. Bibi huyu ameipindua ili kumkinga mwanamume dhidi ya mwanamke asiye na mali. Jibu la Elizabeth, kwamba Darcy ni muungwana naye ni binti wa muungwana, lingetosha barazani popote.

Kisa cha Lydia, binti mdogo kabisa, anayetoroka na afisa wa jeshi Wickham, nacho kimepangwa vizuri. Ana miaka 16, na sheria ya 1753 ilitaka idhini ya mzazi kwa aliye chini ya 21; ndiyo maana watoro walikimbilia Gretna Green, Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Wickham hampeleki huko, anamficha London. Darcy analipa madeni ya zaidi ya pauni 1,000, anaongeza 1,000 za Lydia, na kumnunulia Wickham cheo jeshini. Kwa nini aibu ya mmoja iwafungie posa dada wanne, hilo halihitaji maelezo Lamu.

Sehemu ya tano inajikokota kidogo. Darcy kujitosa bwawani na shati lake hakumo kitabuni, na hakuongezi chochote ila mashabiki. Kwa wanaoangalia na wazee: zipo dansi za wanaume na wanawake, na busu moja tu mwishoni, baada ya harusi.

Gawa usiku mbili, sehemu tatu tatu. Ya tatu inaishia kwenye posa iliyokataliwa, kwa hiyo mtabishana hadi kesho yake. Ila atakayechelewa mwanzo wa sehemu ya nne atakosa barua ya Darcy, na bila barua hiyo ataendelea kumwamini Wickham anayemchafulia Darcy jina.