Mabomba ya maji kwa nyumba ya tenki: lipi ununue kwanza, lipi liwe la mwisho

Nimejenga mara mbili. Nyumba ya kwanza, Kibaha, tuliweka mabomba ya GI (chuma kilichopakwa zinki) kwa sababu baba mkwe alisema chuma ni chuma, na kwenye ujenzi neno la mkwe ni zito. Ya pili niliingia dukani na rula mfukoni. Mpangilio huu umetoka kwenye nyumba hizo mbili, na kwenye maneno ya mafundi bomba niliokaa nao sana nje ya maduka ya vifaa.

Kabla ya kutoa hela, jiulize maji yako yanashuka kutoka wapi. Nyumba zetu nyingi zina tenki juu ya mnara, na maji yanashuka yenyewe. Kila mita 10 za kimo hutoa presha ya bar 1 hivi. Tenki likikaa mita 5 kutoka ardhini na bomba la mvua la bafuni likiwa mita 2, umebakiwa na mita 3, yaani bar 0.3. Mabomba ya PPR, yale ya plastiki ya kuyeyusha, membamba kabisa yameandikwa bar 10. Hata ukifunga pampu ya kusukuma maji, mara nyingi unacheza kwenye bar 3 au 4. Kwa hiyo muuzaji anayekutisha kwamba bomba la duka la jirani litapasuka anajibu swali ambalo hujauliza. Ugonjwa wa nyumba ya tenki ni maji kutoka kama machozi, na viungio kuvuja ndani ya ukuta. Nimepanga nikiangalia hayo mawili.

Nafasi ya kwanza: PPR

Ni lile la kijani, lipo na jeupe, linauzwa kwa vipande vya mita 4. Haliungwi kwa gundi wala uzi (mikunjo ya kukazia kama ya skrubu). Bomba na kiungio vinayeyushwa kwa mashine yenye nyuzi joto 260, vinasukumwa pamoja, na vikipoa vimekuwa kitu kimoja. Halishiki kutu, na maji ya chumvi ya visima vya pwani hayalifanyi kitu. Kwa ndani ya ukuta sijaona la kulishinda kwa bei yake.

Mkenge uko kwenye saizi. Dukani utaambiwa 20 ni nusu inchi, 25 ni robo tatu, 32 ni inchi moja. Namba hizo ni upana wa nje, na PPR ina ukuta mnene. Bomba la 20 la PN20 (PN ni daraja la presha, nalieleza hapo chini) lina ukuta wa milimita 3.4 kila upande, tundu linabaki milimita 13.2. Bomba la chuma la nusu inchi lina tundu la milimita 16 hivi. Ukitaka tundu kama hilo kwenye PPR ya PN20, chukua 25, ambalo lina 16.6. Robo tatu ya chuma, milimita 21 na ushee, inalingana na PPR ya 32. Fundi anayebadilisha mchoro wa chuma kuwa PPR kwa majina ya dukani amekupunguzia maji kila chumba, na utalaumu mnara.

Mimi napanda saizi moja. Kutoka kwenye tenki hadi ndani, 32, au 40 kama kuna mabafu mawili yatakayofunguliwa asubuhi kwa pamoja. Matawi ya kwenda bafuni na jikoni, 25. Bomba la 20 nalikubali kwenye kipande cha mwisho tu, kinachopanda kwenye koki.

PN nayo ieleweke. Ni presha ambayo bomba linahimili kwa maji ya baridi, nyuzi 20, na maji yakichemka uwezo huo unashuka sana. Kwa maji ya baridi nanunua PN16: bei iko chini na tundu ni pana zaidi, kwani bomba la 25 la PN16 lina milimita 18. Kwa maji ya moto, PN20 bila mjadala. Wenye hita ya jua wawe waangalifu zaidi, maana siku ya jua kali ambayo hakuna anayeoga, maji kwenye hita yanaweza kupita nyuzi 90, na PPR haikutengenezwa kuishi kwenye joto hilo kila siku. Mita chache za kwanza kutoka kwenye hita weka shaba.

Dukani soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba lenyewe: jina la mtengenezaji, saizi na unene (kwa mfano 25 x 3.5), PN, na kiwango. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, iwepo. Kisha tazama mdomo wa bomba. Ukuta ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba mwingine, rudisha. Hapo ndipo rula inapofanya kazi.

Hela kubwa imo kwenye viungio, hasa vile vyenye uzi vinavyopokea koki. Uzi unatakiwa uwe wa shaba iliyopakwa kromu. Kuna vya chuma vilivyong'arishwa vikafanana kabisa, vitaoza ukutani nyuma ya vigae vyako vya bei mbaya. Beba sumaku ndogo: haishiki shaba, ikinata umepata jibu. Duka moja muuzaji aliniuliza kama nimekuja kununua au kukagua. Nikamwambia yote mawili.

Na PPR nzuri inaharibiwa na mkono mbaya. Bomba la 20 linapashwa sekunde 5 hivi, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Fundi akizidisha, au akisukuma kwa nguvu kupita alama, plastiki iliyoyeyuka inajikunja kwa ndani na kuziba tundu. Nje kiungio kinapendeza, ndani kimebaki kijitundu cha kalamu. Mwambie aunge vipande viwili vya majaribio, kata kwa msumeno katikati, uangalie. Fundi mzuri hachukii. Anayepasha kwa moto wa gesi badala ya mashine, mlipe nauli aende.

Nafasi ya pili: HDPE, bomba jeusi la roli

Kwa nje ya nyumba hili ndilo namba moja, na nisingeweka PPR badala yake. Kutoka mita ya mamlaka ya maji hadi kwenye tenki, au kutoka kisimani, roli moja la mita 50 au 100 linakwenda bila kiungio katikati, na pasipo kiungio hapavuji. Weusi wake ni kaboni inayolilinda na jua. PPR ya kawaida ikiachwa juani inakakamaa na kupasuka, kwa hiyo hata ile inayoshuka mnarani ifunikwe. Chagua lenye mstari wa bluu, andiko PE100 (daraja la plastiki yake), na ulifukie nusu mita. Ndani ya ukuta silipendi, kwa sababu viungio vyake vya kukaza kwa mkono vinahitaji kufikiwa.

Nafasi ya tatu: CPVC

Rangi ya maziwa, inaungwa kwa gundi, inavumilia maji ya moto vizuri. Inafaa pale ambapo umeme wa kuendesha mashine haupo. Inashindwa kwa sababu moja tu: ukitoka miji mikubwa, kupata elbo (kiungio cha kona) moja ya kubadilisha ni safari.

Nafasi ya nne: PVC ya presha

Bei yake iko chini kuliko zote. Kwa maji ya baridi ya nje, yaliyofukiwa, sina ugomvi nayo. Madaraja yake ya kale bado yanatajwa: B ni bar 6, C ni bar 9, D ni bar 12. Maji ya moto hapana, inalainika. Wengi hushindwa kusubiri gundi ikauke, wanafungulia maji jioni hiyo hiyo.

Nafasi ya mwisho: GI

Nilimwogopa mkwe, nikalipa. Kisima chetu kilikuwa na chumvi. Miaka michache baadaye maji ya asubuhi yalitoka rangi ya chai, na uzi kwenye viungio, pale zinki ilipokatwa, ukaanza kuvuja mmoja baada ya mwingine. GI ibaki kwa bomba linalosimama wazi uwanjani na kugongwa na ng'ombe. Ukinunua, tafuta mstari wa bluu, yaani uzito wa kati. Wa kahawia ni mwepesi.

Majitaka

Hapa usihangaike na PN. Choo kinataka PVC ya milimita 110 yenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Bonyeza bomba kwa kiganja: likibonyea kama chupa ya maji, liache. Pale linaposhuka na kugeuka kwenda kwenye chemba, nunua elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya 90, kinyesi hakikwami. Chemba iwepo kila kona.

Kabla ya lipu

Bajeti yako iwe na siku moja ya kukodi pampu ya mkono ya kupimia presha. Jaza mabomba, toa hewa, ziba midomo yote, panda hadi bar 6. Sindano itashuka kidogo kwa sababu plastiki inatanuka, ongeza tena, halafu uiache saa kadhaa. Ikitulia, piga picha kila ukuta ukiwa umelaza futi kamba kando ya bomba, ili mtu wa kufunga kabati miaka ijayo asitoboe. Zangu ziko pia kwenye simu ya mke wangu, maana yangu iliangukia kwenye ndoo ya saruji wiki hiyo hiyo.