Mashine ya kuchomelea ya mtumba Arusha: ipi uchukue, ipi uiache hapohapo

Ukizunguka kwa mafundi wa mtaa wa Unga Limited ukitafuta mashine ya kuchomelea iliyotumika, utaonyeshwa aina mbili. Kuna transfoma, sanduku zito la chuma lenye koili ndani, nyingine zimesukwa hapahapa nchini. Na kuna inveta, ile nyepesi yenye mkanda wa begani. Kwa anayeanza akiwa na umeme wa nyumbani wa fezi moja, inveta ya ampea 160 hadi 200 ndiyo bora: inatoa moto tulivu na kuvuta umeme kidogo. Transfoma ya shaba inamfaa fundi wa mageti anayechoma kutwa. Lakini kwa upande wa mtumba, transfoma haina siri, ilhali inveta inaweza kuwaka vizuri leo na kufa kesho.

Transfoma hukaguliwa kwa macho, pua na testa (multimita). Chomoa plagi, fungua kifuniko, kisha kwangua kidogo ncha ya waya wa koili. Wekundu ni shaba, weupe ni aluminiamu. Rangi ya vanishi ya juu isikudanganye. Aluminiamu si mbovu yenyewe, ila hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, na viungio vyake hulegea na kuchemka, kwa hiyo bei yake lazima iwe chini. Vanishi iliyogeuka nyeusi, inayobanduka na kunuka kuungua, maana yake koili imeshapikwa. Iache.

Kisha weka testa kati ya kila pini ya umeme ya plagi (si ile ya ethi) na bodi ya mashine: isionyeshe mawasiliano yoyote. Vivyo hivyo kati ya koili ya kuingiza umeme na ile ya kutoa. Fundi umeme mwenye mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500 atakupa jibu la uhakika zaidi, maana testa ya kawaida haioni udhaifu mdogo wa insulesheni, na hapa kosa linaua. Mwisho washa mashine bila kuchoma, upime volti za kutoka: 50 hadi 80 ni sawa. Chini ya 45, rodi za 6013, zile za kawaida za kazi ndogondogo, zitakusumbua kuwaka. Mngurumo wenye kugongagonga si sababu ya kukimbia, mara nyingi ni bati za kiini zimelegea na boliti zinahitaji kukazwa.

Inveta haikaguliki hivyo, na hapa ndipo wengi wanapoibiwa. Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Tafuta kibati cha maelezo kinachoonyesha asilimia ya muda wa kazi: asilimia 20 kwenye ampea 160 ni dakika 2 za kuchoma na 8 za kupumzika katika kila dakika 10. Mashine yenye waya mwembamba wa kuingiza umeme na soketi ndogo za kutolea haiwezi kutoa ampea 300, hata ikiandikwa hivyo kwa wino wa dhahabu. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni mwinuko. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, IEC 60974, huzipima kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Arusha iko karibu mita 1,400. Hewa ni nyepesi, feni haipoozi vizuri kama kwenye tambarare za chini, basi pumzisha mashine zaidi ya kibati kinavyosema. Kwa mji wa Moshi, mwinuko si tatizo, ila joto la mchana ni kali.

Omba ikuchomee rodi tatu za milimita 3.2 mfululizo, ampea 110 au 120, kabla ya kutoa hela. Taa ya joto ikiwaka kwenye rodi ya kwanza, feni ikilia kwa kukwaruza, au moto ukikatika bila sababu, rudisha shukrani uondoke. Inveta iliyokaa karibu na grenda hujaa vumbi la chuma ndani, na vumbi hilo linaweza kuunguza bodi ya elektroniki. Ukiifungua kuisafisha, ichomoe na uiache kwanza, kwa kuwa kapasita hubaki na umeme.

Kabla ya kulaumu mashine uliyonunua, badilisha holda na klempu ya ethi. Springi iliyochoka na klempu isiyobana mara nyingi ndizo chanzo cha moto wa kusuasua. Nyaya za kuchomelea ziwe milimita 25 za mraba kwa ampea 160.

Umeme nao: ampea 100 za moto kutoka inveta huvuta karibu ampea 15 hadi 20 ukutani, na transfoma huvuta zaidi. Plagi ya ampea 13 inaweza kuyeyuka. Fundi umeme akuwekee laini yake yenyewe, breka ya ampea 32, waya wa milimita 4 za mraba au 6 kama ni mbali. Ekstensheni ya roli ifunguliwe yote.

Wanaoanza hukimbilia skwea paipu ya milimita 1.5 na kuitoboa. Anza na flati baa ya milimita 5 au 6, iliyosuguliwa hadi ing'ae, rodi 6013 ya 2.5, ampea 75 hadi 85. Kwaruza kama unawasha kiberiti, kisha shikilia umbali usiozidi unene wa rodi. Rodi ikinata, ongeza ampea. Ukiona mfereji pembeni ya mshono, ampea zimezidi au umeinua mkono. Vitundu vinatokana na kutu, rangi au rodi zenye unyevu. Ukihamia skwea paipu, tumia rodi ya 2.0, ampea 45 hadi 55, mishono mifupi.

Kioo cha ngao ya uso kiwe namba 10 au 11. Miwani ya jua, ambayo bado tunaiona kwenye karakana nyingi, haitoshi kukinga macho, na usiku macho yatahisi kama yamejaa mchanga. Paipu zilizopakwa zinki zikwanguliwe kwanza, uchomee nje, maana moshi wake huleta homa.

Masika yakianza Machi, hamishia rodi kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. 6013 huvumilia kidogo, ila 7018, rodi ya mishono imara, iliyopata unyevu haikaushwi kwa jua, inahitaji oveni ya nyuzijoto 300 na zaidi.