Marimba za Mkono za Vyuma Chakavu: Spoki, Mbavu za Mwavuli au Ubapa wa Msumeno?

Ndugu watazamaji, karibuni. Mezani mbele yangu zipo marimba tatu za mkono ambazo nimezitengeneza mwenyewe kwa kufuata umbo la ilimba ya Wagogo wa Dodoma, yaani sanduku la mbao lenye uwazi ndani, ndimi za chuma juu yake, na tundu dogo la kutolea sauti. Masanduku yote matatu yametokana na mbao za paleti moja na yana vipimo sawa, ili kinachopimwa leo kiwe ni chuma cha ndimi peke yake. Hii ya kushoto ina ndimi za spoki za baiskeli, ya katikati ina mbavu za mwavuli uliovunjika, na hii ya kulia ina ndimi zilizokatwa kwenye ubapa wa msumeno wa kukatia chuma.

Wengi wanaoanza kazi hii huhangaikia sanduku. Nimewahi kujaribu hata mkebe wa sadini, na sauti yake ilikuwa kali na yenye kufifia mapema, lakini ilisikika. Kwa mtoto anayejifunza unatosha, mradi kingo zake zikunjwe na kugongwa zisimkate. Kasoro ambazo sanduku zuri haliwezi kuzifunika ni za ndimi na namna zilivyobanwa. Tazameni hapa kwa karibu: ndimi zimelala juu ya vidaraja viwili, na katikati ya vidaraja hivyo hupita kipande cha nondo nyembamba kinachozikandamiza chini kwa boliti. Nati ikilegea hata kidogo, ulimi hutoa mlio mfu, na fundi asiyejua sababu atautupa ulimi ambao haukuwa na kosa lolote.

Tuje kwenye spoki. Spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, nayo hugongwa kwa nyundo juu ya chuma kizito hadi iwe bapa kuanzia pale inapobanwa mpaka kwenye ncha ya kupigwa kwa kidole gumba. Igongwe ikiwa baridi. Mara ya kwanza nilizipasha moto hadi zikawa nyekundu ili kazi iwe rahisi, nikaziacha zipoe polepole, na matokeo yake zikawa laini kiasi kwamba zilipinda chini ya kidole na hazikurudi mahali pake. Nilipoteza spoki za gurudumu zima. Nyundo ya baridi hukaza chuma, ilhali moto huo uliondoa ule unyumbufu wa kurudi mahali pake ambao ndio unaoleta sauti. Zilizogongwa vizuri hutoa sauti ya duara, yenye kudumu, na kidole hakichoki.

Mbavu za mwavuli sizipendekezi. Zina umbo la mfereji na ni nyepesi mno, kwa hiyo sauti yake ni ndogo hata ukipiga kwa nguvu, na hukatika kwenye matundu yanayopitisha ribiti.

Ubapa wa msumeno ni habari nyingine. Chuma chake ni kigumu na unene wake haufiki milimita moja, na kwa kuwa ulimi mwembamba hutikisika polepole kuliko mnene wa urefu uleule, noti nzito hupatikana bila kulazimika kuwa na ulimi mrefu. Sauti yake hudumu kuliko zote mlizoziona hapa. Taabu ipo kwenye kuukata: haukatiki kwa msumeno mwenzake, bali hukwaruzwa kwa jiwe la kunolea, hubanwa kwenye jiliwa, kisha huvunjwa, na vipande huruka kwa kasi, kwa hiyo miwani ya kukinga macho ni lazima. Meno yote yasagwe na kingo zipigwe msasa, la sivyo gumba litachanika.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza leo, nitamwambia atumie spoki kwa noti za kati na za juu, na ubapa wa msumeno kwa noti mbili au tatu za chini kabisa.

Katika kulinganisha sauti, kumbukeni kwamba ulimi ukifupishwa hadi nusu haupandi oktavo moja (ngazi nzima ya noti nane) bali mbili, kwa sababu idadi ya mitikisiko hufuata kinyume cha mraba wa urefu. Ndiyo maana kwenye ndimi fupi kusogeza milimita moja tu hubadilisha noti waziwazi. Nawasihi pia msizilazimishe kufuata ngazi ya piano. Marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa Kigogo aliyeishi na kupiga muziki Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, alipiga ilimba kubwa zenye ndimi nyingi, baadhi zikiwa hazipigwi kabisa bali huitikia zenyewe wenzake wanapotikisika, na uzuri huo unatokana na mpangilio wa Wagogo wenyewe.

Limebaki jambo ambalo wanunuzi wa kalimba, yaani marimba za mkono za kiwandani, hulilalamikia kama ubovu, nalo ni ule mkwaruzo mwembamba unaoambatana na kila noti. Wagogo huutafuta kwa makusudi, kwa kufunika tundu kwa utando wa kiota cha mayai ya buibui. Huko Kinshasa, kundi la Konono N°1 lilipitisha likembe zake, yaani marimba za mkono za Kongo, kwenye maikrofoni za kujitengenezea, zikiwemo zilizotumia sumaku za vipuri vya magari, na mkwaruzo ukawa sehemu ya muziki wenyewe. Hii ya spoki nimeifunika tundu kwa utando kama huo wa buibui niliouokota ukutani mwa ghala. Nasogeza maikrofoni karibu: sikilizeni kwanza noti hizi tano zikiwa na utando, kisha nitaubandua na kuzipiga tena noti zilezile.