Shule za Marekani: kudhibiti bunduki au kukomesha uonevu?

Kila watoto wanapopigwa risasi shuleni Marekani, mabishano ni yale yale: tatizo ni bunduki au ni uonevu?

Kwa kuzuia vifo, mimi naona bunduki ndiyo pa kuanzia. Watoto huonewa Uingereza pia. Lakini baada ya wanafunzi 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane, Scotland, mwaka 1996, raia walipigwa marufuku kumiliki karibu bastola zote, na msiba wa aina ile haujarudi shuleni. Marekani njia hiyo ni ngumu, kwani Katiba inalinda haki ya kumiliki silaha.

Kukomesha uonevu hakusubiri bunge. Mwalimu anaweza kuanza kesho. Ila ni kazi isiyokwisha, kila mwaka wanafunzi wapya. Ripoti ya mwaka 2019 ya Secret Service, idara inayomlinda rais, ilikuta washambuliaji wengi waliwahi kuonewa, na bunduki nyingi zilitoka nyumbani kwa wazazi au ndugu wa karibu. Hili la pili linaniuma zaidi. Kufuli tu!

Basi mzazi mwenzangu uliyeko Minneapolis au Columbus, kama nyumbani mna bunduki, anza kwa kuifungia. Kama hamna, lakini mwanao ameanza kuichukia shule, kaonane na mwalimu wiki hii.