Jioni Sita za Fasihi ya Kiitaliano Chuoni: Uzoefu Wangu

Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Italia, nilihudhuria jioni zote sita za fasihi na utamaduni wa Kiitaliano zilizoandaliwa hapo kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Novemba. Hakukuwa na kiingilio. Sharti lilikuwa kujiandikisha mapema kwa mtandao. Nilikwenda na Kiitaliano cha miaka miwili, kinachonitosha sokoni na darasani, lakini si cha kusomea tungo za karne ya 14.

Jioni zilizonifaa kupita zote zilikuwa mbili za kusoma kwa sauti tungo za Dante, mshairi mkuu wa Italia. Desturi hiyo ni kongwe, kwani mwandishi Giovanni Boccaccio aliianza mwaka 1373 katika kanisa moja la Firenze, miaka 52 baada ya mtunzi kufariki mjini Ravenna. Utaratibu tulioukuta ni mwepesi: mhadhiri hufafanua wimbo mmoja kati ya nyimbo 100 za Divina Commedia, utungo mrefu wa Dante, kisha huusoma mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa na mtu. Wakati wa ufafanuzi nilipotea mara kwa mara. Alipoanza kusoma, mkono wangu ulikuwa tayari chini ya meza ukihesabu mizani kwa vidole, nikapata 11 katika mshororo wa kwanza na 11 tena katika wa pili, hadi nilipogundua kwamba vokali ya mwisho wa neno ikikutana na vokali ya mwanzo wa neno linalofuata, aghalabu zote mbili huhesabiwa mizani moja; hapo vidole vikavurugika.

Beti ni za mishororo mitatu, ambazo sisi tungeziita tathlitha, ila kina cha mshororo wa kati huchukuliwa kikawa kina cha mshororo wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata, na kwa hiyo kila ubeti umeshikwa na mwenzake. Aliyewahi kusikia pindu, shairi ambalo maneno ya mwisho wa ubeti huanzisha ubeti unaofuata, likighaniwa atauelewa mnyororo huo mara moja, ingawa pindu hurudia maneno yenyewe na Dante hurudia kina tu. Katika mshororo wa kwanza kabisa, neno cammino, yaani safari au njia, limekatwa likawa cammin ili mizani itimie. Mhadhiri alilieleza jambo hilo kwa dakika kadhaa, nami nikacheka moyoni, maana mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari angelimaliza kwa neno moja: inkisari.

Jioni ya Grazia Deledda ilinisikitisha. Mwanamke huyu wa Nuoro, kisiwani Sardinia, ambaye masomo yake ya shule yaliishia katika ngazi ya msingi na ambaye hata hivyo alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ya mwaka 1926, alistahili zaidi ya wazungumzaji watatu waliosoma karatasi zao bila kuinua macho. Hakuna aliyetusomea hata ukurasa mmoja wa riwaya zake, na muda wa maswali ulikuwa umekwishaliwa na salamu za viongozi. Jioni ya filamu nayo ilikuwa ya Kinapoli kitupu, yaani lugha ya Napoli, kusini mwa Italia, bila maandishi ya tafsiri chini ya picha. Jirani yangu, mzaliwa wa huko huko kaskazini, alininong'oneza kwamba hata yeye alikuwa akiambulia nusu tu. Mbili zilizobaki, ya muziki na ya mapishi, zilipendeza, lakini sioni la kuziandikia.

Kuhusu maandalizi, ukumbi ulibadilishwa mara mbili, na mara ya pili barua pepe ilitufikia tukiwa tumeshasimama mlangoni pa ukumbi wa zamani. Ndani kulikuwa na baridi ya kutosha kukufanya usivue koti.

Kwa yote hayo ninaipa programu hii nyota tatu kati ya tano, na jioni za kusoma kwa sauti peke yake ningezipa tano. Asiyejua Kiitaliano vizuri aanze na hizo, aupitie wimbo husika nyumbani katika lugha anayoimudu, kisha aende kusikiliza. Tarehe 25 Machi, ambayo tangu mwaka 2020 ni siku ya kitaifa ya Dante nchini Italia, kutakuwa na usomaji mwingine. Nimekwisha kujiandikisha, ingawa ukumbi haujatajwa bado.