JKT: kwa mujibu wa sheria au kujitolea?

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania lilianza Julai 1963, na leo lina milango miwili ya kuwapokea vijana.

Wa kwanza ni wa mujibu wa sheria, yaani wa lazima, kwa wahitimu wa kidato cha sita. Ulisitishwa 1994, ukarudi 2013. Mafunzo ni ya miezi michache tu: kwata, silaha, kulima, kuamka alfajiri. Wasomi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliupinga kwa maandamano Oktoba 1966, Rais Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Nauheshimu mlango huu kwa sababu mtoto wa tajiri na wa mkulima wanalala bweni moja Mafinga au Ruvu, wanakula ugali na maharage ya sufuria moja. Sijui mahali pengine wanapokutana hivyo.

Wa pili ni wa kujitolea, miaka miwili. Huku kuna muda wa kufundishwa ufugaji, ujenzi, ushonaji, mpaka mkono uzoee. Lakini wengi wanaoomba wanatafuta ajira jeshini au polisi, ingawa matangazo ya JKT husema wazi kwamba haitoi ajira. Kijana anarudi kijijini na nidhamu na ujuzi, bila mtaji. Hilo linaniuma.

Kama fedha ya serikali haitoshi kwa yote mawili, mimi ningeipeleka kwa wa kujitolea: wapewe vifaa vya kazi na shamba siku wanapovua magwanda.