TAHADHARI: Yule muuzaji wa "viti vya zitan vya Qianlong" pale Guangzhou ni tapeli

Wadau, kabla hamjamtumia hata senti moja yule mzee wa duka la ghorofani Guangzhou, China, someni hapa kwanza. Ile jozi ya viti vya mikono ambayo picha zake zilizunguka sana si zitan, ile mbao nyekundu nzito ya thamani kubwa, wala si ya enzi ya Qianlong, mfalme wa China (1736–1795). Ni mkurungu! Mkurungu huu huu uliokatwa Tanzania, Zambia na Kongo na kusombwa kwa magogo mpaka ukaingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2019. Kauchukua mti wa kwetu, kauchonga, kaupaka uzee, kisha katurudishia kwa bei ya dhahabu. Inauma, na inatia aibu.

Na msimcheke mwenzetu, fundi aliyevinunua. Muuzaji hakumlaghai kwa maneno matupu, alimfanyia majaribio mbele ya macho yake. Alipindua kiti miguu juu, akakwangua kidogo chini ya ubao wa kukalia, akachovya pamba nyeupe kwenye spiriti na kuipitisha pale taratibu. Pamba ikatoka rangi ya chungwa iliyokolea. Akachukua kibanzi, akakisugua kwenye karatasi, kikaacha mstari mwekundu. Kisha akakidondosha kile kibanzi kwenye glasi ya maji, kikazama moja kwa moja hadi chini. Yeyote anayezijua mbao hizi anajua kwamba zitan hutoa rangi kwenye spiriti na kwamba zitan huzama. Fundi mwenye miaka kazini akishaona hayo yote, na bei inashushwa kidogo kidogo huku chai inamiminwa, kwa nini asiamini?

Sasa sikilizeni ujanja ulipokaa. Zitan, yaani Pterocarpus santalinus wa kusini mwa India, na mkurungu, Pterocarpus tinctorius, ni miti ya ukoo mmoja na yote ina rangi nyekundu kwenye kiini. Pamba ya spiriti haitenganishi hii na ile, wala karatasi. Kinachosaidia kidogo ni uzito, maana mkurungu mara nyingi huelea, ila hapo ndipo mwizi alipocheza: kibanzi kilichozama hakikutoka kwenye kiti. Kilikuwa kwenye kisahani pale mezani tangu mwanzo. Kilichokatwa baadaye kwenye mguu wa nyuma kilielea juu ya maji kama kizibo. Kibanzi cha majaribio ukate mwenyewe, kwa kisu chako, mahali unapopachagua wewe. Muuzaji akikataa, ondoka.

Halafu ule ubao wa kukalia. Ni kipande kimoja, upana karibu sentimita 45, hauna kiungo hata kimoja. Zitan hukua polepole mno, shina lake ni jembamba na mara nyingi lina uwazi katikati, ndiyo maana mafundi wa zamani waliunganisha mbao nyembamba kwa ustadi wa ajabu. Ubao mpana namna hiyo peke yake ungetosha kumtilia mtu shaka.

Kwenye viungo ndiko alikojianika. Kiti halisi hushikwa na ulimi na tundu, na ubao wa kukalia huingizwa kwenye mfuo wa fremu bila kugandishwa, ili upate nafasi ya kutanuka na kunywea hali ya hewa inapobadilika. Hapa kila kitu kimegandishwa kwa gundi nyeupe. Ukimulika kwa tochi ya kukagulia noti bandia, pembe zote zinang'aa buluu. (Kiti cha kale kilichokarabatiwa nacho kinaweza kung'aa mahali pamoja, lakini si kila pembe.) Chini ya fremu kuna mikwaruzo ya upinde ya msumeno wa mviringo, na skrubu zimezibwa kwa puti ya vumbi la mbao.

Na uchakavu wake ni wa kupaka. Kiti kilichokaliwa miaka mingi huliwa zaidi kwenye upau wa mbele unaokanyagwa na kwenye ncha za mikono, tena upande huu zaidi ya ule. Miguu iliyosimama kwenye sakafu ya matofali yenye unyevu huoza kwa viwango tofauti. Hivi vimelika sawasawa kila mahali, hata mgongoni pasipoguswa na mtu, na miguu yote minne ni myeusi kwa kimo kilekile. Pamba yenye maji tu, bila spiriti, inatoka na weusi wa kiwi cha viatu.

Kuhusu ile lakiri nyekundu iliyo kwenye viti, anayodai ni ya serikali ya kuruhusu vitoke nchini: China hairuhusu samani za kabla ya 1911 kutolewa nchini. Kama kiti ni cha Qianlong kweli, hakipati ruhusa ya kutoka. Kama kina ruhusa, basi si cha Qianlong. Lakiri yake inamsuta mwenyewe!

Huyu mtu afungiwe duka, anyang'anywe leseni, alipe mpaka senti ya mwisho. Sheria ya China ya kulinda walaji, kifungu cha 55, inamtaka mfanyabiashara aliyedanganya alipe fidia ya mara tatu ya bei, na malalamiko hupokelewa kwa simu namba 12315. Lakini mjanja huyu aliandika kwenye risiti "viti vya mbao, 2" basi. Hakuna zitan, hakuna Qianlong. Kwa hiyo mnaokwenda kununua, kataeni kulipa mpaka jina la mbao na enzi viandikwe kwenye fapiao (risiti rasmi ya kodi ya China) au mkataba wenye muhuri. Na nyinyi mlioletewa naye meza au makabati, pindueni leo, pigeni picha chini na kwenye pembe, mtunze ujumbe wote aliowaandikia kwenye WeChat. Tukiwa wengi wenye ushahidi, tutamshtaki pamoja.